Ubavu wa Ishirini na Nne

Chumba Na. 6, Ghorofa ya Pili,
Nyuma ya Duka la Viatu.
Alhamisi, 9 Agosti, saa sita mchana.

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Kabla ya yote nakujulia hali. Goti lako linaendeleaje? Mara ya mwisho uliandika kwamba ngazi za kazini zinakutesa na daktari amekukataza kupiga magoti, nawe ukamjibu kuwa siku hizi hata kusali unasali umekaa. Natumaini ubishi umepungua na goti limepata nafuu. Huku hatujambo. Presha ya mama imeshuka, anakula vizuri na anagombana na kila mtu, kwa hiyo ujue ni mzima. Mdogo wangu amepaka mlango rangi ya kijani bila kumuuliza yeyote.

Ukiona mwandiko unayumba usishtuke. Hakuna aliyefariki. Nina hofu tu, na sababu yake nakueleza wewe kwanza, maana mama nikimwambia leo presha itarudi ilikotoka.

Kazi ya kushona sare za shule niliiacha mwezi wa tano. Nimepata kazi katika chumba cha mavazi cha kikundi cha maigizo, chini ya fundi mkuu tunayemwita Mama Pini, kwa kuwa pini hukaa mdomoni mwake kutwa na huzungumza nazo humohumo. Mchezo wao mpya ni wa zamani, zaidi ya miaka mia iliyopita, na mwigizaji mkuu, dada mmoja, anaigiza mke wa tajiri. Chini ya gauni lake lazima avae koseti. Ni vazi gumu la kubana kiuno, linafungwa mgongoni kwa kamba, na ndani yake zimepangwa mbavu nyembamba za kulisimamisha. Mama Pini aliuliza nani ataweza. Kimbelembele changu unakijua. Mkono ulipanda kabla akili haijafika.

Nilianza kwa kuchora vipande kwenye karatasi, sita kila upande. Nilimpima dada mwigizaji kifua, kiuno, nyonga, kutoka kwapani hadi kiunoni, kisha amekaa, kutoka kiunoni hadi mapajani. Kila kipimo nilikiandika mara mbili. Ya majaribio niliishona kwa shuka kuukuu. Alipoivaa, kingo mbili za nyuma zikakutana vizuri kabisa, nami nikatabasamu. Mama Pini akanitazama kama mtu anayeangalia maziwa yaliyomwagika.

“Mwanangu, kamba itavuta nini hapa? Nyuma huachwa wazi vidole vinne.”

“Nimefuata vipimo, Mama.”

“Umefuata vipimo vya shati. Sare ya shule huachiwa nafasi ya kukua. Hii hupunguziwa nafasi ya kupumua.”

Dada mwigizaji akajigeuza mbele ya kioo. “Mwache, Mama Pini. Nimependeza kama mto wa kulalia.”

Nilichora upya mara tatu. Ya tatu ikakubali.

Sasa mbavu. Sisi hutumia ile mikanda ya chuma inayofungia makasha ya mizigo. Huikata kwa mkasi wa bati, na pale ilipokatwa ncha hubaki kali kama wembe. Kwa hiyo kila ncha husuguliwa kwa tupa mpaka iwe ya mviringo, kisha hufungwa utepe, ndipo ubavu uingizwe katika mfuko wake mwembamba na mfuko ushonwe. Mbavu ni ishirini na nne, ncha arobaini na nane. Dada mwigizaji alipoambiwa idadi hiyo alisema, “Basi na zangu Mungu alizonipa, nitakuwa na mbavu za watu wawili.”

Jumanne nilimkabidhi. Alipofungwa kamba, mgongo ulisimama wima, akatembea chumba kizima kama mwenye nyumba. Akanikumbatia. Siku ile nilirudi nyumbani nikijiona fundi.

Jana jioni, Mama Mdogo, nilikuwa nakamilisha shajara yangu. Unakumbuka naiandika tangu kidato cha pili, kila siku na tarehe yake, nawe ulinicheka kwamba naandika hata siku niliyonunua sabuni. Nikasoma: “Jumapili, nimesugua mbavu kumi.” Nikasoma: “Jumatatu, nimesugua kumi na tatu.” Nikajumlisha kichwani. Nikajumlisha kwa vidole. Nikapanga vifungo mezani, nikavihesabu kimoja kimoja. Ishirini na tatu.

Chini yake nimeandika: “Ubavu mmoja ulikuwa mfupi. Nimekata mwingine, nimeuingiza kupima urefu, unatosha.” Hapo nikakumbuka. Nilikuwa nimeuingiza kupima tu. Jirani akagonga mlango, anaazima pasi. Tukasimama mlangoni tukizungumza habari za mwenye nyumba. Niliporudi mezani niliuona ubavu uko ndani, nikaufunga mfuko wake kwa mshono mzuri. Ni upi kati ya ishirini na nne, sijui.

Jambo linaloninyima raha ni hili. Katika sehemu ya tatu ya mchezo, mume anamsukuma mkewe, naye anaanguka kifudifudi sakafuni, kwa tumbo. Mama Pini anasifu sana anavyoanguka, anasema anaanguka kama gunia. Nami nimemfunga tumboni kipande cha chuma kikali kama kile kilichonikata kidole hadi mfupani.

Tangu Jumanne anaivaa kwenye mazoezi ya sehemu za mwanzo tu; mazoezi ya mwisho, kwa mavazi kamili, ni leo saa kumi. Mama Pini hufika saa nane. Fundi aliyekuwa kabla yangu alifukuzwa kwa sababu ya pini moja iliyosahaulika kwenye kola. Pini, Mama Mdogo! Mimi nimesahau kisu. Nimefikiri nifike mapema, nifumue kimyakimya na kushona tena, lakini kabati lina kufuli na ufunguo unaning'inia shingoni mwa Mama Pini. Kwa hiyo ni kusema. Nimekaa kuandika ili nisikae bure nikiogopa, na bado naogopa. Ngoja nivae viatu.


Saa tatu usiku.

Naendelea. Nimerudi. Nina maji ya moto kwenye kikombe na siyanywi.

Nilifika saa nane kamili. Mlango wa chumba cha mavazi ulikuwa wazi, kabati wazi, na koseti haimo. Mfagiaji akaniambia, “Wameanza saa saba, umeme utakatika jioni. Wako sehemu ya tatu.”

Sikumbuki nilivyopita ule ujia. Nakumbuka nimesimama pembeni ya jukwaa, kati ya pazia na ngazi ya taa, na mbele yangu dada mwigizaji amempa mume mgongo, anaondoka hatua moja moja kama anavyofanya kila siku. Yule anayeigiza mume, ambaye kwingine ni mwalimu wa hesabu na mpole kupita kiasi, alikuwa ameshainua mikono ya kumsukuma. Nilitaka kumtafuta Mama Pini nimwambie kwa adabu. Badala yake nikapiga kelele.

“Dada, usianguke!”

Sauti yangu sikuijua. Mwalimu akabaki na mikono hewani. Mwongozaji akasimama kutoka viti vya mbele. “Nani huyo? Nani anaota mchana?”

“Mimi wa mavazi,” nikasema. “Koseti ina chuma ambacho sikukisugua. Akianguka kitamwingia.”

Mama Pini alitoka upande wa pili, akatoa pini mdomoni moja baada ya nyingine, akazichoma kwenye mkono wa gauni lake. Tangu nianze kazi sijawahi kuuona mdomo wake mtupu. Alimshika dada mwigizaji mkono, akanionyesha mimi kwa kidevu, tukaenda chumbani watatu.

Nilifungua kamba. Kisha nikapapasa kila ubavu, juu na chini. Ulikuwa upande wa kushoto, wa pili kutoka mbele, ncha ya chini. Ulishatoboa bitana. Ulishatoboa shimizi. Ubavuni mwa dada mwigizaji palikuwa na mstari mwekundu kama ulioachwa na ukucha, na kitone cha damu kilichokauka.

“Hii ni ya tangu lini?” Mama Pini akauliza.

“Tangu Jumanne.”

“Na ukanyamaza?”

“Nilidhani ndivyo ilivyo,” akasema dada. “Nilidhani wake wa matajiri wa zamani ndivyo walivyochomwa. Nimekuwa nikitumia yale maumivu kwenye uigizaji. Mwongozaji jana amenisifu!”

Alicheka. Mimi nililia, Mama Mdogo, kwa sauti, kama mtoto aliyepotea sokoni. Siku mbili mtu anachomwa na kazi ya mikono yangu, na anafikiri ndiyo mtindo.

Nilingoja kufukuzwa. Nilishaanza kukunja futi yangu ya kupimia. Mama Pini akaitupa koseti mezani mbele yangu.

“Rekebisha.”

“Ndiyo, Mama.”

“Halafu kesho saa nne asubuhi, kabla ya mtu yeyote kuigusa, utaivaa wewe. Mimi nitavuta kamba. Utapanda jukwaani, mwalimu atakusukuma, utaanguka kwa tumbo. Mara tatu. Ukiinuka mzima, dada atavaa. Usipoinuka, tutajua ni ncha ipi.”

“Mama, kiuno changu na chake...”

“Kitaingia. Hofu hukondesha.”

Basi nikakaa, nikafanya kazi hiyo mbele ya macho yake, na umeme ulipokatika, kwa mshumaa. Sikufumua mfuko mmoja. Nilifumua yote ishirini na minne. Nimetoa kila ubavu, nimesugua kila ncha upya, nimeipitisha shavuni kwangu kabla ya kuifunga utepe, na nimeandika nambari yake siku ileile na saa ileile. Shajara inasema ishirini na nne. Vifungo mezani vinasema ishirini na nne. Na bado, nikifumba macho, naona wa ishirini na tano.

Usimwambie mama. Msalimie Baba Mdogo, na wale mapacha uwaambie wasikate nywele za wanasesere, hazioti tena. Bibi akikupigia mwambie nimeshiba na sikonde. Mungu aliponye goti lako, akulinde ugenini, na akulipe kwa kila ncha ya kisu uliyotuepusha nayo tukiwa wadogo bila sisi kujua.

Naitumbukiza kwenye sanduku la posta usiku huuhuu, maana kesho sijui nitakuwaje. Itakapokufikia, nitakuwa nimeshaanguka.

Ni mimi mwanao nikupendaye sana,
Kifungua mimba wa dada yako.