Neno la Nne

Kehancha, 4 Machi 1997

Ndugu yangu Tony,

Homa Bay yasemaje? Huku wote wazima, isipokuwa jogoo yenye nilikula Krismasi. Mitumba inatoka. Jana niliuzia pasta suruali ya kike, akashukuru Mungu.

Sasa sikia. Tangu tuzike Nyanya Helen, mama hawezi kuuza tumbaku, juu namba ya mkulima ni ya Helen. Karani anasema kompyuta ya chama cha wakulima imekataa kumpa hiyo namba. Si ni wewe unaichezea huko ofisi kubwa? Andika tu: Damaris, mke wa Helen. Helen alikosa mtoto wa kiume, akatoa ng'ombe kumi akaoa mama kwa mila yetu, sisi tukazaliwa kwa jina yake. Kijiji yote inajua.

Kaka yako,
Mniko

Homa Bay, 20 Machi 1997

Kaka,

Salamu kwako na mama. Mimi niko salama.

Kompyuta haijaharibika. Pale kwa mrithi inakubali maneno matatu tu: mtoto, mume wa mwanamke, mke wa mwanamume. Hiyo kufuli niliweka mimi. Kuongeza neno la nne ni dakika moja, lakini mkubwa atauliza nimejuaje mambo kama hayo. Hapa niliwaambia nilikuwa na baba, akafa nikiwa mdogo. Mama akubali kuandikwa mtoto wa Helen.

Ndugu yako,
Tony

Kehancha, 2 Aprili 1997

Tony,

Dakika moja tu, na inakushinda? Nilisomea mama barua yako nikiweka mzaha katikati. Hakucheka. Akasema, "Mtoto anatolewa ng'ombe na mzazi wake?" Tumbaku inaota ukungu bandani. Ongeza hiyo neno, bwana.

Kaka,
Mniko

Homa Bay, 11 Oktoba 1997

Kaka,

Hamjambo? Nisamehe kwa kunyamaza. Nimepata mchumba, Nyatichi. Kwao wanataka wazee wetu waje na ng'ombe. Ongea na mama, zitoke kwa boma ya Helen.

Ndugu yako,
Tony

Kehancha, 25 Oktoba 1997

Tony,

Mama hajambo. Tumbaku ilioza, tukachoma, sasa anapanda mahindi.

Wazee walikaa. Wakauliza ng'ombe ni ya kuolea mtoto wa nani. Nikasema, wa nyumba ya Helen. Mama akasema, "Helen alikuwa na mke? Ulizeni kompyuta."

Nilicheka peke yangu, nikaacha.

Ng'ombe ziko, zinakula nyasi tu. Mama anasema utafute watu wa yule baba yako alikufa ukiwa mdogo. Hao ndio wakuolee.

Mniko,
mtoto wa Damaris, mke wa Helen