Aliyetokea Dirishani

Baba Asifiwe,

Nimekwenda Mpui kuvuna maharage, ingawa ulinikataza nisitoke. Ugali uko kwenye hotpoti, mboga iko jikoni. Mtoto akitoka shule ale kwanza ndipo acheze.

Asubuhi wewe, mzee wa kanisa, umetokea dirishani na tai shingoni, ukampitisha Asifiwe hapohapo na begi lake, kisa kitambaa chekundu chenye manyoya ya kuku tulichowekewa mlangoni. Eti anayepakanyaga anakufa, mpaka mganga aje apasafishe. Na Jumapili ulituombea tusiogope wachawi. Mtoto alikusikia.

Nimekiokota kwa mkono. Nikasema, "Kwa jina la Yesu," nikakitupa kwenye jiko la mkaa. Mboga yako imeivia hapo.

~~Mchungaji sitamwambia.~~ Mchungaji nitamwambia.

Huyo mganga akija, mpe maji anywe, kisha umuage. Nyumba hii ina mwenyewe.

Dirisha nimelifunga kwa ndani. Kwa hiyo kama unasoma hapa, umepita mlangoni.

Mbona hujafa?

Mama Asifiwe