Mume Wangu Kaleta Mshenga Ofisini

Alhamisi. Manyunyu tangu asubuhi, Madale yote ni tope jekundu, nami nina furaha ya mtu aliyeng'olewa jino: bado panauma, lakini limetoka.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza, mimi ni katibu wa timu ya mpira ya mtaani kwetu, timu ndogo yenye kelele kubwa. Ofisi ya timu ni meza moja ndani ya steshenari yangu, kati ya mashine ya fotokopi na friji ya maji. Mwenyekiti anatafuta wafadhili, kocha anafundisha, na mimi ndiye ninayeandika mikataba na kubeba lawama.

Msimu uliopita tulisaini watu kwa mdomo mtamu. Mishahara ikatushinda, wachezaji wakala ahadi miezi miwili. Ndipo kamati ikaweka kikomo: jumla ya mishahara yote isizidi anachotupa mfadhili wetu, mwenye kiwanda cha matofali. Na hakuna kucheza bure, maana kuna kaka mmoja alicheza "bure" msimu mzima, halafu akaja kwenye mkutano kudai kila dakika aliyokimbia.

Wiki hii nimeongeza mikataba ya karibu timu nzima. Mpaka leo asubuhi ulikuwa umebaki mshahara mmoja tu chini ya kikomo, na majina mawili. La kwanza Deo, kipa wetu, ambaye timu moja ya Temeke inamtaka na usajili unafungwa kesho. La pili nahodha wetu, namba sita, mwenye miaka thelathini na sita.

Huyo wa pili ni mume wangu.

Kamati ina kanuni kwamba katibu haongelei mkataba wa ndugu yake nyumbani. Niliipendekeza mwenyewe, tena kwa maringo. Wiki tatu sasa mimi na Baba Nuru tunaizunguka kanuni hiyo sebuleni. Habari za michezo zikianza kutaja mikataba, wote wawili tunakimbilia rimoti.

Ngoja niungame. Uamuzi niliufanya tangu Jumatatu. Kocha alimtaka Deo, na mimi nilikuwa nimeona kwa macho yangu. Mechi ya mwisho Baba Nuru alipitwa na winga ambaye dakika tano kabla alikuwa anachechemea. Lakini nilipanga kumwambia pesa hazitoshi, basi. Kikomo kilinipa pa kujificha na nilikipenda sana kwa hilo.

Saa nne asubuhi akaingia Mzee Kibwana, kanzu kaishika juu kwa mkono mmoja kuepuka tope. Huyu ndiye mshenga aliyeleta posa yangu Tabata miaka tisa iliyopita na kuwalegeza wajomba zangu wanne mmoja baada ya mwingine. Nikamwamkia, nikamfutia kiti.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Nimetumwa."

Akatoa barua iliyofungwa kwenye leso nyeupe, vilevile kama ile ya posa. Baba Nuru kaona nyumbani kanuni inambana, basi kamtuma mshenga! Nilicheka mpaka mteja wa fotokopi akageuka. Barua yenyewe ilikuwa fupi: anaomba msimu mmoja zaidi, kwa nusu ya mshahara wake wa zamani.

Nikamweleza mzee kwamba Deo anaimaliza nafasi yote, hata hiyo nusu haiingii. Akasema basi acheze bure. Nikamweleza na hilo. Akanywa maji yake taratibu, akanitazama.

"Sasa niambie mie niliyeleta posa yako. Ishu ni pesa au miguu?"

Mteja wa fotokopi alikuwa kaacha kabisa kuhesabu karatasi zake.

"Miguu, baba."

Machozi yakanitoka hapo hapo, mbele ya watu. Nampenda mume wangu akiwa uwanjani, sijui kama nimewahi kuliandika humu. Nilimpendea huko huko.

Mzee Kibwana akatikisa kichwa. "Na mie nilikuwepo mechi ya mwisho. Kuna mahali nilidhani kasimama kusikiliza adhana." Nikacheka na machozi yangu. "Sikia, mwanangu. Jibu la pesa nitampelekea mie. La miguu utampa mwenyewe."

Saa nane Deo akaja na kalamu yake kabisa, akasaini miaka miwili. Nikampiga picha, nikaituma kwenye grupu la timu, watu wakamwaga mioyo na ngumi.

Nilipofika nyumbani jua linazama, Baba Nuru alikuwa kakaa kwenye kigoda uani, anamenya viazi.

"Mke wangu, leo nimeachwa," akasema kwa sauti ya kuonewa.

"Na nani?"

"Katibu wa timu. Yule mwanamke hana huruma hata kidogo. Ati kikomo cha mishahara."

Nikavuta kigoda, nikachukua kisu cha pili. "Pole, mume wangu. Watu wa ofisini ndivyo walivyo."

Tulicheka sana. Ningeweza kuishia hapo, viazi vikakaangwa na mambo yakaisha. Lakini kicheko kilipopungua akauliza, bila kuinua macho:

"Kikomo kisingekuwepo, angenisaini?"

"Asingekusaini."

Kiazi alichokuwa nacho alikimenya mpaka kikabaki kama gololi.

"Goti?"

"Goti. Na mbio."

"Na pasi je?"

"Pasi bado unazo."

Akaishika hiyo pasi hakuiachia tena. Mpaka chakula kinaiva kashanieleza pasi za misimu kumi, yupi alipewa akapoteza, na kwamba kijana atakayerithi namba sita anapiga mpira kama anafukuza kuku. Kasema atamfuata mwenyewe mazoezini amfundishe, kocha apende asipende. Sasa naandika haya, namsikia jikoni anaosha vyombo na kupiga mluzi, japo mluzi wenyewe unakatika katika.

Jumamosi tuna mechi ya kirafiki Mabibo. Tangu nimjue, itakuwa mara ya kwanza anakaa nje ya chaki dakika zote tisini. Kiti cha katibu huwa kwenye benchi, pembeni ya kocha.

Hivi wakikosa katibu kwenye benchi siku moja, timu itafungwa? Nadhani nitabeba kiti changu nikakae na mume wangu.