Ogelea Ukirudi Ufukweni

Mjukuu wangu Hamisi wa Mwanza,

Huku Nandagala tu wazima, ufuta umekubali, na bibi yako bado ananiona kijana.

Umeuliza kama uwafuate wenzako wanaoogelea hadi lile jiwe ziwani. Nilipokuwa utingo wa lori la kuja huko Mwanza nami nililifuata, mimi bingwa wa mto wetu, ambao kiangazi ni mchanga mtupu. Katikati pumzi ikaniishia. Mvuvi mmoja akaninyooshea kasia, akaniambia, "Wewe mtu wa kusini, tembea kwanza mpaka maji yafike kifuani, kisha geuka uogelee kurudi ufukweni. Ukichoka, unasimama."

Nikajifunza hivyo, nikawa samaki. Wewe pia utakuwa. Jiwe halihami. Wenzako wakikucheka, waambie babu yako anakuja, na tutaogelea sote maji ya kifuani.

Babu yako