Isale Lako Nililiona, Mtandao Ndio Uliofungwa

Mdogo wangu Aloyce,

Acha kununa kwanza, usome. Barua hii sikuibandika gundi. Kondakta wa basi ameshaisoma, abiria nao wasome, maana kaka yako hana siri, wala hana mpinzani huku mlimani.

Jumatatu ulinitumia picha ya jani la isale kuniomba msamaha. Nilicheka hadi chai ikamwagika. Aloyce! Wachagga tangu dunia iumbwe wanapeleka jani lenyewe mkononi, wewe unalipiga picha kwenye ndoo ya maua huko Sinza! Nikakumbuka ulivyovunja mtungi wa bibi wa pombe ya mbege. Mama alikukatia isale kwenye mpaka wa kihamba, shamba letu la migomba, ukasimama nalo mbele ya baba, kamasi hadi kidevuni. Baba akatupa fimbo: "Mama yenu amenifunga mikono." Kwetu isale likifika, hasira basi, hata uwe simba.

Nami nikaanza kuandika kwamba nimekusamehe, hata kwa ulivyowaambia wakwe zangu kuwa Kilimanjaro niliishia getini, nimebeba vitunguu vya wazungu. (Nilifika kileleni, Aloyce. Ukungu ulinificha.) Kabla sijatuma, mitandao ikafungwa. Wewe ukaona tiki za bluu, halafu kimya. Nikapiga simu, akapokea mkeo: "Shemeji, amenuna huyu. Anasema si ulijitapa una VPN ya Ulaya, hakuna wa kukufungia?"

VPN ninayo. Ila imeshindwa na baridi ya Old Moshi.

Wakubwa wanasema wamefunga ili uongo na uchochezi visienee. Uongo upo, sikatai. Kundi letu la ukoo si lilimzika mjomba huku anakula mtori? Lakini alifufukia humohumo, alipotuma sauti: "Niko hai, wapumbavu nyie!" Wangefunga siku ile, tungechimba na kaburi. Wanasema pia ni kwa ajili ya amani. Sasa amani yetu sisi wawili, mdogo wangu, ndiyo ilikuwa inapita humo.

Basi nimekata isale lenyewe, palepale mama alipokata lako. Limefungwa kwenye mkungu wa ndizi alionao kondakta. Mkosaji ni wewe, anayetuma ni mimi, uone moyo wa mtu mkubwa ulivyo. Na likishakufika mkononi, huna ujanja tena wa kununa.

Krismasi njoo nyumbani. Wakwe watakuwepo. Unajua cha kusema.

Ni mimi kaka yako,
aliyefika kileleni.