Ile Dawa Haijaisha

Mdogo wangu Shukrani,

Huku Kibirizi mvua haitupi nafasi. Tunaanika dagaa, tunaanua, mwisho wanaoza. Ile mizizi ya Kichina uliyonitumia nilikuwa naichemsha na kunywa kila asubuhi, na vidonge vya sukari niliviacha kama ulivyosema.

Wenzangu sokoni wananisifia nilivyokonda. Wanataka uwatumie na wao, hasa Klementina. Nimewaambia imekwisha.

Haijaisha, Shukrani. Nimeifukia nyuma ya choo. Hospitali wamesema figo zangu zimekufa. Klementina akikupigia, mwambie hata wewe huna.

Mama sijamwambia, nawe usimwambie. Kila akimaliza kuswali anakuombea dua, kwamba umeniponya.

Dada yako,
Ziada