Tope Limekataa Kuzama

Ijumaa, 5 Januari 2024
Nilijua tu! Kijiji kizima kimekaanga maandazi ya Mwaka Mpya, mafuta kimemwaga kwenye mabomba. Sasa vijidudu vinavyokula uchafu vimeshiba mafuta, vimeota nyuzinyuzi. Kwenye tangi la kutulizia maji, tope linatakiwa lizame, maji safi yabaki juu yaende mferejini. Leo linaelea! Povu la kahawia kila mahali. Na tarehe mosi Februari Bwana Galama wa bodi ya maji anakuja kuamua — kituo chetu cha kusafisha maji taka kibaki au kifungwe. Ujana wangu wote umeishia hapa.

Jumanne, 9 Januari
Wiebe, mwenzangu wa zamu, anataka tutie dawa ya kugandisha tope. Nimekataa. Dawa itaficha ugonjwa tu. Nakwangua povu, nalitoa nje kabisa, na tope kuukuu nalipunguza kila siku. "Utakwangua mpaka ustaafu, Tjitske," kasema. Haya, tutaona nani atacheka.

Jumamosi, 13 Januari
Nimepita nyumba kwa nyumba kuomba mafuta yatiwe chupani. Mama mkwe kanipa kahawa na biskuti moja, kopo akalifunga papo hapo, kama ada yetu: ya pili hapewi mtu. Kisha akaniambia yeye hana kosa: sinki hakuligusa, mafuta yake alimwaga chooni. Chooni! Nikameza biskuti, nikaaga.

Jumatatu, 22 Januari
Nimejaza tope kwenye bilauri ndefu ya kupimia, nikasubiri. Limeshuka kidogo, likagoma. Vidole vimekufa ganzi. Nimelia nyuma ya pampu, nikarudi kukwangua.

Jumatano, 31 Januari
LIMEZAMA! Tope chini, maji juu — meupe! Wiebe kapima tena mwenyewe, hakuamini. Halafu kachukua kikwanguo changu, kaenda kumalizia povu la kingoni. Nimecheka mimi!

Alhamisi, 1 Februari
Galama kaja na mvua. Uso mkavu. Kashusha kisahani cheupe kwa kamba ndani ya tangi, kupima kama maji ni maangavu. Kikashuka, kikashuka, bado tunakiona! Tukaingia ndani. Kahawa, biskuti moja moja, nikafunga kopo. Kauliza dawa gani tumetia. Wiebe kanitangulia: "Hakuna. Ni mikono ya huyu mama."

Galama kavuta kopo, kalifungua mwenyewe, kachukua biskuti ya pili. Galama huyu! Wiebe kanikanyaga mguu chini ya meza.

Sasa anataka kahawa nyingine. Nimejificha jikoni naandika, birika linachemka, na huko ndani nasikia anamuuliza Wiebe kama mwakani tutahitaji tangi la pili —